Ukungu Usiofunguza Swaumu

Al-Mahalla al-Kubra,
Ijumaa, 11 Januari 1985

Mwanangu Wagdi,

Salamu zangu zikufikie huko Jubail ukiwa mzima, umeshiba, na umevaa sweta niliyokutilia begini, maana najua uliitoa nilipogeuka. Sisi hatujambo. Dada yako Nahid amejifungua mtoto wa kike tena, na mama mkwe wake amenuna kama aliyeibiwa kuku. Mtoto mzuri, ana pua ya marehemu baba yako. Njiwa wangu wa darini wameongezeka, na jirani analalamika kwamba wanamchafua anapoanika nguo. Nimemwambia anunue kofia.

Haya, kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Kiwandani kwetu nyuzi zinakatika. Hewa ya ukumbi wa kusokotea imekuwa kavu, pamba ina hasira, na vumbi lake linapaa mpaka humwoni mwenzako wa mashine ya pili. Mhandisi Lutfi anasema dawa ni kutia unyevu hewani, ila mitambo ya kutoka Ulaya tutaingoja mpaka tuote mvi, na mimi zangu nimeshaziota. Nikamwambia, mbona ninaye mtoto wa kaka yangu, nimemlea mwenyewe, yuko Saudia kwenye kiwanda cha saruji na kazi yake ni kurusha maji kwenye moshi ili upoe? Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniambia nikuandikie. Basi nichoree hivyo vidude vyako vya kurushia maji, Fundi Zinhum atavikereza kwa shaba hapa hapa mtaani.

Kifua changu ni kilekile, usianze. Jumamosi kinabana, kama cha kila mtu wa ukumbini aliyepumzika Ijumaa halafu akarudi kwenye vumbi. Ikifika Jumatatu kimeshazoea.

Idi utakuja? Ulisema utakuja.

Shangazi yako,
Inshirah


Jubail,
5 Februari 1985

Shangazi yangu mpenzi,

Naibusu mikono yako, na sweta nimeivaa. Mpe Nahid hongera zangu, umwambie asimjali mkwewe, mtoto wa kike ndiye atakayemfulia bibi nguo akizeeka. Mimi ni mzima. Chumbani kwetu kuna Mpalestina anayekoroma na Mpakistani anayepika dengu tamu, kwa hiyo nalala vibaya na kula vizuri.

Kuhusu nozeli, ndilo jina la hivyo vidude, nimefurahi mno hata nimechora usiku huohuo. Unamkumbuka Abdu mpiga pasi wa pale kwenye kona? Alikuwa akijaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya shati, yanatua kama ukungu. Ufundi wake haukuwa kwenye maji, ulikuwa kwenye pumzi. Siku akipuliza kwa uvivu, shati lilipata madoa. Basi nozeli ni mdomo wa Abdu uliotengenezwa kwa shaba. Maji yanapita katikati kwenye tundu jembamba. Hewa iliyoshindiliwa na kompresa inapita kwenye pete inayolizunguka tundu hilo. Vikikutana pale mdomoni, hewa inayararua maji vipande vipande, na kipande kikiwa kidogo vya kutosha hakifiki chini. Kinakaukia juu, hewa inabaki na unyevu wake, na vumbi linakuwa zito na kutua.

Michoro ni hii. Mwambie Fundi Zinhum vipimo vya tundu avifuate kama nilivyoandika, asiongeze wala asipunguze.

Kuhusu kifua sianzi, nauliza tu. Umekwenda kwa daktari?

Huku hali ya hewa ni nzuri.

Mwanao,
Wagdi


Al-Mahalla al-Kubra,
Ijumaa, 15 Machi 1985

Mwanangu,

Nakusalimu, na Nahid anakusalimu, na mtoto angekusalimu kama angejua una habari naye. Mama mkwe ameshaacha kununa, sasa anamng'ang'ania mtoto mpaka mama yake anamwomba ili amnyonyeshe.

Vipua vyako vimefungwa. Navitamka vipua, hilo nozeli lako linanikwama. Lutfi alialika wakubwa wote wa kiwanda, wakaja na suti zao. Kompresa ikaunguruma, tukatazama juu, na mwanangu, ikanyesha. Si ukungu. Mvua ya haki, ya matone. Bobini za uzi zililowa, uzi ukaganda kama tambi zilizoachwa sufuriani, na mkubwa mmoja mafuta yote ya brilintini ya nywele zake yakamwagika usoni. Siku ya pili mabanati wangu, ndivyo ninavyowaita wanawake wa ukumbini, walikuja wamejifunga mifuko ya plastiki kichwani. Ummu Rawya, unamjua ulimi wake, alileta mwavuli wa marehemu mumewe akakaa chini yake anasokota. Nilicheka mpaka nikakohoa, na nilikohoa mpaka wakaniletea kiti.

Lutfi ametupa muda mpaka Idi. Visipofaa vinashushwa vyote.

Daktari wa kiwanda alipita ukumbini akatupima vifua. Alisema maneno mengi, si unawajua madaktari. Nimevuna mboga ya mulukhiya ya kwanza ya mwaka huu kutoka kwenye madebe yangu, ndogo lakini laini.

Uliniambia hali ya hewa ya huko. Mimi sikuuliza hali ya hewa. Nimeuliza habari ya Idi.

Shangazi yako,
Inshirah


Jubail,
2 Aprili 1985

Shangazi yangu,

Naibusu mikono yako, na naomba radhi kwa mabanati wote na kwa yule mwenye brilintini. Chumbani wote wazima. Mpakistani ameoa kwa simu na sasa anaimba.

Barua yako nimeisoma nikaona haya, kisha nikaona hasira, kisha nikakaa nikafikiri. Michoro ninaiamini. Sasa nenda kwa Zinhum umuulize tundu la maji alilitoboa kwa keekee gani. Usimuulize kwa ukali, atakimbilia kuapa. Muulize kama unayetaka kujifunza.

Halafu nifanyie jambo moja. Chukua vipande vya kioo, kila kimoja kipana kama kiganja. Kipitishe juu ya taa ya mafuta mpaka kiwe cheusi kwa masizi upande mmoja. Panda ngazi ya mafundi, au bora mtume mtu apande, ukiweke chini ya nozeli kitambo kidogo tu, kufumba na kufumbua, kisha ukitoe. Kila tone litaacha tundu lake kwenye masizi, kubwa kwa tone kubwa, dogo kwa dogo. Nikikipata hicho kioo nitajua kinachotoka mdomoni kama nimesimama hapo mwenyewe. Mpe mtu anayekuja huku, usikitie posta.

Umesema daktari alisema maneno mengi. Yaandike hata machache.

Mwanao,
Wagdi


Al-Mahalla al-Kubra,
Ijumaa, 19 Aprili 1985

Mwanangu,

Salamu sana. Jumatatu tulisherehekea sikukuu ya Shammu n-Nasim, tukala fesikhi, samaki wa chumvi, kwa vitunguu kando ya mfereji, na mpaka leo nyumba inanuka samaki. Nahid alimbeba mtoto akiwa na kofia uliyomtumia, imemzidi, imemfunika mpaka kidevuni. Upepo wa khamasini umeanza. Mchanga mpaka kwenye meno.

Kwa Zinhum nilikwenda nikanywa chai yake, nikasifu mashine yake, nikauliza kwa upole kama ulivyoagiza. Akasema, "Dada Inshirah, ile keekee nyembamba ilivunjika kwenye kipua cha kwanza. Nikatumia iliyoifuata kwa unene. Tofauti yenyewe ni unywele tu."

Nikamwambia, "Unywele?"

"Unywele, wallahi. Nani ataona unywele ndani ya shaba?"

"Kichwa cha mkubwa wa kiwanda kimeuona," nikamwambia. Hapo akavaa koti, akapanda gari la Tanta kutafuta keekee mpya. Amerudi nayo kaifunga kwenye pamba kama yai. Vipua vyote kavikereza upya na chai ya siku hiyo hakunidai.

Vioo vya vipua hivi vipya ninakutumia kwa mtoto wa Hagg Mitwalli, anarudi huko wiki ijayo. Nimeviviringisha ndani ya soksi zako za zamani. Ngazi nilipanda mwenyewe. Nilipumzika katikati, basi.

Uliniuliza la daktari nami nilikuuliza la Idi. Wewe hujajibu, nami sijajibu, kwa hiyo tuko sawa na hakuna anayemdai mwenzake.

Shangazi yako,
Inshirah


Jubail,
7 Mei 1985

Shangazi yangu,

Naibusu mikono yako. Soksi zimefika, na vioo vimefika vizima isipokuwa kimoja. Askari wa forodha alikichunguza kwa dole gumba, akaacha alama kubwa katikati ya masizi. Nikisikiliza ushahidi wake, Mahalla mnanyeshewa mawe ya tufani.

Vile vingine nimevitazama kwa lenzi siku nzima ya mapumziko, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu nifike huku. Fundi Zinhum ni fundi. Matundu karibu yote ni madogo kama ncha ya sindano. Bado kuna makubwa machache machache, na hao ndio wakorofi. Maji ni mengi kwa pumzi iliyopo. Mwambie Lutfi apunguze maji, aongeze presha ya hewa kidogo, na vipua (nimekubali jina lako) avipandishe karibu na dari, ili tone lipate safari ndefu ya kukaukia. Usibadilishe yote siku moja. Badilisha kimoja, tazama kioo, kisha kingine.

Sasa nianze mimi, maana tukingojana tutazeeka. Mwajiri ameniwekea mezani karatasi ya miaka miwili mingine. Sijaisaini. Ndiyo sababu sikukujibu la Idi, sikutaka kukuandikia uongo. Nimezipanga barua zako kitandani nikaona kitu. Zote ni za Ijumaa. Tangu niondoke nyumbani hujaniandikia hata moja ya Jumamosi, na Jumamosi mnatoka mapema. Nakumbuka nikiwa mdogo ulikuwa ukirudi Jumamosi unakaa kwenye ngazi ya chini, unanituma nikuletee maji, unasema unapunga upepo. Hapakuwa na upepo pale, shangazi.

Daktari alisema nini? Kama amesema uache ukumbi, nasaini, natuma matumizi, nawe unakaa nyumbani na njiwa wako. Nijibu la kweli.

Mwanao,
Wagdi


Al-Mahalla al-Kubra,
Ijumaa, 31 Mei 1985
Ramadhani

We Wagdi,

Swaumu makbul. Nahid mzima, mtoto mzima, njiwa wazima. Nimekasirika, kwa hiyo nafupisha salamu.

Nani kakuomba uniweke nyumbani? Nikae nihesabu nzi? Mabanati wale niliwapokea hawajui hata kufunga fundo, leo wana wajukuu, na bado wananiita waone kama uzi uko sawa. Daktari alisema hivi, kama unataka kujua: kifua changu kisipopata nafuu kufikia Idi, ananitoa ukumbini kwa karatasi yake, nitake nisitake. Ndiyo hiyo. Nimeogopa tangu Machi na sikumwambia mtu. Sasa nimekwambia, na usisaini kitu.

Tulifanya ulivyoagiza, kimoja kimoja. Ukungu ukawa mzuri, nyuzi zikaacha kukatika, vumbi likaanza kutua. Halafu Ramadhani ikaingia, na Ummu Rawya akazusha kwamba vipua vinafunguza. "Maji ni maji," anasema. "Yakiingia mdomoni mchana, umekula." Ukumbi mzima ukaingiwa na wasiwasi, wengine wakafunga vitambaa mdomoni, wakashindwa kupumua. Wiki iliyopita, Lutfi yuko ofisini, Ummu Rawya kajiendea mwenyewe kwenye mabomba kwa nia njema. Akawaza, kinachorusha maji ni hewa, nikifunga hewa maji yatatulia. Akafunga koki ya hewa, ya maji akaiacha wazi. Mwanangu, vipua vilikojoa. Michirizi kutoka darini, kila mashine na wake. Tulifunga mitambo mchana kutwa na tukaanika pamba uani kama nguo za harusi.

Alikaa analia. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, maana alilia kwa kwikwi na alikuwa na funga.

Basi nikamwendea Sheikh Shahhat wa msikiti wa nyuma ya kiwanda. Akaja akauliza maswali kama mhandisi. Mwishoni akasema: "Unyevu wa hewa haufunguzi, kama usivyofunguza mvuke wa chungu kwa anayepika. Lakini ukihisi tone mdomoni na ukalimeza, hilo ni maji. Nihakikishieni hakuna tone, nami nitawahakikishia swaumu." Lutfi kakata shauri kufunga kila kitu mpaka ujibu. Idi iko karibu. Jumamosi iliyopita vumbi lilirudi lote, nami nilikaa kwenye ngazi ya chini.

Inshirah


Jubail,
9 Juni 1985

Shangazi yangu,

Naibusu mikono yako na paji la uso wako. Barua hii anakuletea mtoto wa Hagg Mitwalli, anakwenda kula Idi kwao, kwa hiyo itakufikia upesi. Ahsante kwa kuniambia. Nimelia kidogo, Mpalestina akadhani ni homa, akanipa aspirini.

Mwambie Ummu Rawya nimemsamehe na zaidi, nimemshukuru. Kosa lake lilikuwa ndani ya mchoro wangu. Hewa ikikatika, umeme ukizimika, kompresa ikiharibika, mambo yangekuwa yaleyale. Nimechora mlango mdogo wa kukaa ndani ya kila kipua, una springi. Springi inaufunga mlango wa maji siku zote, na ni hewa peke yake yenye nguvu ya kuusukuma ufunguke. Hewa isipokuja, maji hayatoki. Yeyote afunge koki yoyote apendayo.

Na kwa lile tone la Sheikh Shahhat, nimechonga upya mdomo wa pete ya hewa ili ukingo wake uwe mkali. Palikuwa na mahali maji yalikuwa yakijishika na kutambaa ukingoni, yanakusanyika, ndipo tone kubwa linadondoka. Makali hayayapi maji pa kukalia. Huku kiwandani watu wananiuliza mvuke uwe kiasi gani na moshi uwe wa joto gani. Sijawahi kupewa kipimo kizuri kama cha sheikh wako. Zinhum afanye usiku na mchana, nimemwandikia.

Mwajiri nimemwambia nitamjibu baada ya Idi. Nisikilize sasa. Siku nikipata kutoka kwako barua ya Jumamosi, uliyoiandika mwenyewe baada ya kazi, narudisha karatasi yao haina saini, napanda ndege. Nisipoipata, nasaini, na hutanizuia. Wala usije ukaandika Ijumaa halafu ukaweka tarehe ya Jumamosi. Nakufahamu.

Mwanao,
Wagdi


Al-Mahalla al-Kubra,
Jumamosi, 29 Juni 1985

Mwanangu Wagdi,

Idi njema iliyopita, na kila mwaka ukiwa na heri. Nahid na mtoto wazima, jino la kwanza limechungulia, na bibi yake anawaonyesha watu kama yeye ndiye aliyeliota.

Zinhum hakulala. Vipua vipya vilipanda kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani kwisha. Sheikh Shahhat alikuja kama alivyoahidi, saa ya adhuhuri, jua kali, kiu imetukausha sote. Lutfi akawasha. Sheikh akasimama katikati ya ukumbi chini ya kipua, mtu mzima na kilemba chake, akatoa ulimi nje. Mabanati wakaanza kucheka, nikawakazia macho. Akakaa vile, ulimi nje, macho juu, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumhurumia. Halafu akaurudisha, akaupapasa kwa kidole, akamtazama Lutfi.

"Mkavu," akasema.

Ummu Rawya hakutosheka. Akasimama naye akatoa wake, na ule kama unavyojua una urefu. Akangoja. Akasema, "Haya, kweli ni hewa tu." Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mabomba akafunga koki ya hewa, mbele ya sheikh na Lutfi na watu wote. Vipua vikakohoa kidogo, vikanyamaza. Hakuna hata tone. Akaifungua tena, ukungu ukarudi, akakaa kwenye mashine yake akaendelea na kazi. Lutfi alilazimika kutafuta kiti.

Vumbi limetua, mwanangu. Namwona mtu wa mwisho wa ukumbi na nguo aliyovaa. Baada ya Idi daktari kaja na mpira wake wa masikioni, kaniambia pumua, nikapumua, kaniambia tena, nikapumua. Kile chombo cha kupuliza nilipuliza akaangalia mara mbili, akadhani kimeharibika. Hajasema nimepona, amesema hili si la kupona kwa mwezi mmoja, nirudi tena Septemba. Lakini karatasi yake ya kunitoa kaichana, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Nilitoka nje nikalia nyuma ya marobota ya pamba kwa furaha, na Ummu Rawya akanikuta, akalia naye bila kuuliza kuna nini.

Jana Ijumaa nilipumzika kutwa, na usiku sikulala vizuri. Nilikuwa naiogopa leo. Leo nimeingia kazini, nimesimama zamu yote, nimetoka. Nikaja nyumbani. Ile ngazi ya chini nimeipita. Nimepanda mpaka darini kwa mguu mmoja baada ya mwingine, sikukaa popote, na sasa hivi naandika hapa, karatasi juu ya debe la mulukhiya, njiwa wananikanyaga miguu. Ummu Rawya yuko pembeni yangu, nimemwita awe shahidi, maana umesema unanifahamu. Ametia dole gumba hapo chini kwa wino.

Kahki zako, zile biskuti za Idi, nimezificha kwenye kopo la juu, Nahid asizione. Njoo kabla hazijawa mawe.

Shangazi yako,
Inshirah

Na mimi Ummu Rawya nashuhudia kwa dole langu: leo ni Jumamosi, na kapanda mbio kuliko mimi.